Mutombo dhidi ya O'Neal: takwimu za fainali ya mwaka 2001 zinasema nini?

Kwa wapenzi wa mpira wa kikapu wa Gisenyi na wa Goma, ng'ambo ya mpaka, jina la Dikembe Mutombo halihitaji utangulizi. Mzaliwa huyo wa Kinshasa, aliyefariki dunia tarehe 30 Septemba 2024 akiwa na umri wa miaka 58, alitunukiwa mara nne tuzo ya mlinzi bora wa msimu katika ligi ya Marekani, NBA. Hata hivyo, mtihani mkubwa zaidi wa ulinzi wake ulikuwa fainali ya mwaka 2001, alipokabiliana na Shaquille O'Neal katika michezo mitano. Je, ni kweli kwamba alizidiwa kabisa?

Mazingira ya pambano

Mutombo, mwenye urefu wa mita 2.18, alijiunga na Philadelphia 76ers mwezi Februari 2001 akitokea Atlanta Hawks. O'Neal, mwenye mita 2.16 na mwili mzito zaidi, alikuwa senta wa Los Angeles Lakers, mabingwa watetezi. Lakers walifika fainali wakiwa wameshinda michezo yao yote 11 ya mchujo.

Mchezo kwa mchezo

Katika orodha hii, ribaundi ni mipira ambayo mchezaji huidaka baada ya mtupo kukosa kikapu.

Mchezo wa 1, tarehe 6 Juni: Philadelphia 107, Lakers 101, baada ya muda wa nyongeza. O'Neal pointi 44, ribaundi 20. Mutombo pointi 13, ribaundi 16.

Mchezo wa 2, tarehe 8 Juni: Lakers 98, Philadelphia 89. O'Neal pointi 28, ribaundi 20. Mutombo pointi 16, ribaundi 13.

Mchezo wa 3, tarehe 10 Juni: Lakers 96, Philadelphia 91. O'Neal pointi 30, ribaundi 12. Mutombo pointi 23, ribaundi 12.

Mchezo wa 4, tarehe 13 Juni: Lakers 100, Philadelphia 86. O'Neal pointi 34, ribaundi 14; Mutombo pointi 19, ribaundi 9.

Mchezo wa 5, tarehe 15 Juni: Lakers 108, Philadelphia 96. O'Neal pointi 29, ribaundi 13. Mutombo pointi 13, ribaundi 11.

Wastani na kipimo chake

Kwa wastani, O'Neal alipata pointi 33.0 na ribaundi 15.8 kwa mchezo. Mutombo alipata pointi 16.8 na ribaundi 12.2. Ukiishia hapo, utaona tu kwamba mmoja alifunga karibu mara mbili ya mwenzake. Kipimo cha haki zaidi ni kumlinganisha kila mchezaji na kawaida yake. Katika msimu huo, O'Neal alikuwa na wastani wa pointi 28.7 na ribaundi 12.7, ilhali Mutombo alikuwa na pointi 10.0 na ribaundi 13.5.

Kwa hiyo, wote wawili walifunga kuliko kawaida yao: O'Neal aliongeza pointi 4.3, Mutombo 6.8. Mutombo alizidiwa pale palipokuwa ngome yake. Aliyeongoza ligi nzima kwa ribaundi alishuka, mpinzani wake akapanda. Hata katika kuzuia mitupo, kazi iliyompa Mutombo sifa, O'Neal alikuwa na wastani wa 3.4 dhidi ya 2.2.

Mipaka ya takwimu

Mchezo ambao kila mmoja wao alifunga pointi nyingi zaidi ndio ambao timu yake ilipoteza. O'Neal alipofunga pointi 44, Allen Iverson wa Philadelphia alifunga 48 na kuipa timu yake ushindi. Mutombo alipofikisha 23, O'Neal alitolewa kwa faulo sita kabla ya mchezo kumalizika, lakini Robert Horry alitupa mtupo wa pointi tatu dakika za mwisho na Lakers wakashinda.

Aidha, si kila pointi ya O'Neal ilifungwa mbele ya Mutombo. Jedwali la mchezo huandika aliyefunga. Haliandiki aliyekuwa akimlinda.

Hitimisho

O'Neal alishinda pambano hilo bila utata, na ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa fainali. Lakini michezo mitano haifuti misimu 18. Mutombo alistaafu akiwa na mitupo 3,289 aliyoizuia, wa pili katika historia ya NBA nyuma ya Hakeem Olajuwon, Mnigeria mwenye 3,830. Hakupata kamwe taji la ubingwa. Alifika fainali tena mwaka 2003 akiwa na New Jersey Nets, akashindwa. Aliingizwa katika Jumba la Mashuhuri la mpira wa kikapu mwaka 2015, na O'Neal akafuata mwaka 2016.