Uasili Kwanza, Kiwango Baadaye: Viwanda vya Mavazi vya Afrika Mashariki Mbele ya Ushuru

Mjadala kuhusu viwanda na ushuru wa forodha katika Afrika Mashariki huanza karibu kila mara na swali la kiwango: ni asilimia ngapi, na nani atapunguziwa. Makala hii inadai kwamba swali hilo huulizwa mapema mno. Kiwanda cha mavazi hakiwezi kuukabili ushuru kabla ya kujua kitambaa, uzi na zipu vimetoka wapi. Bidhaa hutozwa kulingana na uasili wake, na uasili huo umeshaamuliwa katika mnyororo wa ugavi muda mrefu kabla ya kontena kufika bandarini.

Mfano ulio karibu nasi ni AGOA, sheria ya Marekani iliyotiwa saini Mei 2000. Ilikuwa na kipengele kilichozifaa sana Kenya, Lesotho na Madagascar: vazi lililoshonwa Afrika liliingia Marekani bila ushuru hata kama kitambaa chake kimefumwa China au India. Kwa msingi huo viwanda vya maeneo maalumu ya uzalishaji kwa ajili ya mauzo ya nje (EPZ) ya Athi River na Mombasa, nchini Kenya, vilikua na kuajiri makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wanawake. Hilo si jambo la kubezwa. Hata hivyo, kazi iliyobaki nchini ilikuwa hasa kukata na kushona. Uzi, kitambaa na rangi viliendelea kununuliwa ng'ambo, na hakuna kilicholazimisha hali hiyo ibadilike.

Tukichungulia viwango vya kawaida vya Marekani, sababu inaonekana. Fulana ya pamba hutozwa asilimia 16.5, na ya nyuzi bandia asilimia 32. Suruali ya kiume ya pamba hutozwa asilimia 16.6, na ya sintetiki asilimia 27.9. Kwa fulana ya dola 5, msamaha wa AGOA uliokoa takriban senti 83 kwenye pamba, na dola 1.60 kwenye nyuzi bandia. Kwa hiyo ukanda unaolima pamba ulipata motisha kubwa zaidi ya kushona vitambaa visivyo vya pamba, ambavyo haukuwa na uwezo wa kuvitengeneza. Mwenye kiwanda aliyefuata motisha hiyo alipiga hesabu sahihi ya msimu. Lakini msamaha ukiondoka, yeye ndiye anayeumia zaidi.

Nao uliondoka. Muda ulioongezwa mwaka 2015 ulikwisha Septemba 30, 2025, siku ikafika bila Bunge la Marekani kupitisha nyongeza. Kabla ya hapo, Aprili 2025, Marekani ilikuwa imetangaza ushuru wa ziada wa asilimia 10 kwa Kenya, 46 kwa Vietnam na 50 kwa Lesotho. Agosti, Vietnam ilishushiwa hadi 20 na Lesotho hadi 15. Tangu ushuru wa mwaka 2018 dhidi ya China, makampuni mengi yalikuwa yamehamishia uzalishaji Vietnam ili kuukwepa, huku yakiendelea kuagiza malighafi China. Kuhama kulinunua muda tu. Kenya nayo isijidanganye kwamba ile asilimia 10 ilikuwa kinga: mwekezaji aliyekuja kwa sababu ya kiwango ataondoka kwa sababu hiyo hiyo.

Marekebisho ya kweli huanzia kwenye daftari la uasili. Kwa kila vazi, kiwanda kiandike namba ya utambuzi wa bidhaa kiforodha, kila malighafi na nchi ilikotoka, thamani yake, na kanuni ya uasili ya kila soko. Daftari hilo hufungua milango ambayo hesabu ya asilimia peke yake haiioneshi. Tangu 2011, Umoja wa Ulaya unakubali bila ushuru vazi lililoshonwa Tanzania kwa kitambaa cha kigeni, kwa kuwa Tanzania imo katika nchi zenye maendeleo duni. Kenya haimo, ila ina mkataba wake na Umoja huo ulioanza kutumika Julai 2024. Kiwanda chenye wateja Marekani pekee kinaweza kugawa oda zake, mradi vyeti vya uasili viwe tayari.

Daftari husaidia pia upande wa kuagiza. Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hutoza thamani ya mzigo pamoja na nauli na bima. Mzigo wa dola 100,000 wenye nauli na bima ya dola 12,000, kwa kiwango cha asilimia 25, hulipiwa ushuru wa dola 28,000. Nauli na bima vikiwa dola 4,000, ushuru ni 26,000. Msambazaji wa karibu anaweza kuuza ghali kidogo na bado akawa nafuu. Wenye viwanda wanaolinganisha bei za kiwandani peke yake wanajipunja. Mkataba nao useme wazi nani atabeba ushuru ukipanda kabla mzigo haujafika. Mkataba ukinyamaza, mara nyingi gharama huuangukia upande dhaifu.

Kuna mpaka ambao haupaswi kuvukwa. Kampuni ya Ford iliingiza Marekani magari ya mizigo kutoka Uturuki yakiwa na viti vya nyuma ili yatozwe asilimia 2.5 ya magari ya abiria badala ya 25. Mwaka 2024 ilikubali kulipa dola milioni 365 kumaliza shauri hilo. Kiwanda cha Nairobi au Dar es Salaam kinachobandika lebo ya nchi yake kwenye nguo iliyoshonwa kwingine kingefilisika kwa faini ya sehemu ndogo ya hiyo, na kuwachafulia jina majirani waaminifu.

Pingamizi zito ni kwamba kitambaa cha hapa ni haba na ghali, kwa sababu umeme, mitaji na mashine ni tatizo. Ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya pamba iliyochambuliwa Simiyu na Shinyanga, Tanzania, husafirishwa nje ikiwa marobota. Kufuma kitambaa cha fulana huhitaji mtaji mdogo kuliko kitambaa cha suruali, basi tuanzie hapo, kwa mikataba ya ununuzi ya miaka kadhaa kati ya wasokotaji na washonaji.

Serikali zetu zina sehemu yao. Kila Julai nchi wanachama hutangaza viwango vinavyokengeuka ushuru wa pamoja wa Jumuiya, pamoja na unafuu wa ushuru wa mwaka mmoja mmoja. Benki haiwezi kukopesha mashine ya kusokota itakayolipwa kwa miaka mingi kwa kutegemea tangazo la miezi kumi na miwili. Mawaziri wa fedha wa Jumuiya waweke viwango vya uzi na vitambaa vitakavyodumu angalau miaka mitano, na wavitangaze kwa pamoja.