Mchoro Mama na Nakala Zake: Historia ya Uhusiano wa Utegemezi katika Programu za Michoro ya Vekta

Insha hii inafuatilia historia ya swali moja la kiusanifu: mchoro mama unapobadilishwa, kusogezwa au kufutwa, nakala zilizofungamana nao zifanyeje? Swali hilo lina umri mkubwa kuliko programu zinazotumika leo. Mwaka 1963 Ivan Sutherland aliwasilisha katika chuo cha MIT, Marekani, tasnifu ya uzamivu kuhusu Sketchpad, programu aliyoiunda kwa kompyuta ya TX-2 ya Lincoln Laboratory.

Katika Sketchpad, mtumiaji alichora umbo mara moja kwa kalamu ya mwanga, kisha akaliita kila alipolihitaji. Nakala iliweza kusogezwa, kuzungushwa, kukuzwa au kupunguzwa, lakini umbo lake la ndani liliamuliwa na mchoro mama. Sutherland alidhihirisha nguvu ya utaratibu huo kwa wavu wa pembesita: sehemu ya pembesita mama ilipobadilishwa kuwa tao, wavu mzima uligeuka kuwa mfano wa magamba ya samaki. Kazi iliyookolewa ilikuwa kubwa, ila nakala ilikosa uhuru.

Kiwango cha SVG, kilichoidhinishwa na W3C mwezi Septemba 2001, kililegeza utegemezi huo kwa kiasi. Sifa ambayo mchoro mama haukuitaja, kwa mfano rangi, nakala iliweza kuipata kutoka mahali ilipoitwa. Iliyokwisha kutajwa haikuweza kutanguliwa kwa njia hiyo. Hivyo, uhuru wa nakala ulitegemea ukimya wa mchoro mama.

Inkscape, iliyochipuka kutoka Sodipodi mwaka 2003 na kutumia SVG kama umbizo lake, ilikutana na ugumu wa kanuni hiyo katika matumizi ya kila siku. Kwa kuwa nakala hurithi pia msogeo uliomo ndani ya mchoro mama, kuusogeza mchoro huo husogeza nakala zote, isipokuwa programu iziongezee msogeo wa kufidia. Kwa sababu hiyo mtumiaji alipewa uchaguzi: nakala zifuatane na mama au zibaki mahali pake. Vivyo hivyo, mchoro mama unapofutwa, nakala zinaweza kufutwa pamoja nao au kukatiwa uhusiano na kuwa vitu huru.

Machaguo haya mawili ya mwisho hayalingani kwa uzito. Kufuta nakala hulinda mantiki ya utegemezi, lakini huweza kuangamiza mpangilio uliochukua saa nyingi. Kukata uhusiano hupoteza urahisi wa kusahihisha kwa pamoja, lakini huhifadhi kazi inayoonekana. Kwa hiyo, historia hii inaonesha kwamba utegemezi ulioanzishwa kwa ajili ya kuokoa kazi ya mchoraji unahitaji mpaka, na mpaka huo unafikiwa pale unapoanza kuitishia kazi hiyohiyo.