Windows Server 2016 inafika mwisho Sikukuu ya Mapinduzi: Maabara ya majaribio ianze na nini?

Tarehe 12 Januari 2027, wakati Zanzibar ikiwa kwenye mapumziko ya Sikukuu ya Mapinduzi, Microsoft itasitisha masasisho ya bure ya usalama kwa Windows Server 2016. Seva hazitazimika siku hiyo. Zitaendelea kufanya kazi zikiwa na matundu yasiyozibwa, isipokuwa kwa watakaolipia.

Kwa hoteli ya Mji Mkongwe inayoendesha kila kitu kwenye seva moja, tena msimu wa wageni, kusasisha bila kujaribu kwanza ni kamari. Kinachotakiwa ni maabara: nakala ya seva iliyotengwa, ambayo hata ikiharibika hakuna mgeni atakayekwama mapokezi.

Wengi hukimbilia kununua mashine. Bora kuanza na daftari. Andika kila programu iliyomo, toleo lake, nani anaitumia na imeungana na nini: printa ya risiti, mashine ya kadi, kompyuta ya mhasibu. Usimuulize fundi peke yake. Mara nyingi ni mhasibu anayejua kuwa ripoti ya mwisho wa mwezi inatoka kwenye kiprogramu ambacho aliyekiweka alishaondoka kitambo. Kila mstari wa daftari hilo ndio jaribio la baadaye: risiti imetoka, au haijatoka?

Vifaa si tatizo kubwa. Kompyuta moja yenye memori ya kutosha hubeba seva pepe kadhaa, na Microsoft inatoa toleo la majaribio la siku 180. Kutoka 2016 unaweza kuruka moja kwa moja hadi 2022 au 2025, ila muulize kwanza aliyekuuzia programu ya hoteli kama inakubali.

Mtandao ndio wa kuangalia sana. Nakala ina jina na anwani ileile ya seva halisi. Ukizichomeka kwenye swichi moja zitagombana, na kazi ya kweli ndiyo itakayoumia. Taarifa za wateja nazo zifichwe majina.

Halafu umeme. Unguja ilikaa gizani kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, na hata leo kukatika kwa dakika kumi tu kunatosha kuvuruga kazi. Kwa hiyo ndani ya maabara, zima umeme makusudi katikati ya kusasisha, kisha rudisha seva kutoka kwenye bekapu huku ukiangalia saa. Ikichukua saa tisa, na hoteli inaweza kuvumilia saa nne tu za usiku, mpango bado haujaiva.