Hotispoti yako ni swichi ya 1989

Wasee, semeni ukweli: ni mara ngapi umeambiwa "niwashie hotispoti"?

Mwaka wangu wa kwanza kampasi tulikuwa wanne kwa chumba kimoja cha hosteli, na mwenye simu ya kurusha hotispoti alikuwa mmoja tu. Usiku mmoja simu yake ikazima kabisa, na asaimenti ilikuwa ya kutumwa asubuhi. Tulibaki na modemu moja ya kuchomeka, na laptopu yangu kuukuu ya Linux. Intaneti iliingia kwangu, ikaishia hapo. Watu watatu wananiangalia tu.

Nilipekua hadi nikapata kosa: mahali panapoitwa ip_forward palikuwa na 0. Nikaandika 1, nikaongeza amri moja ya iptables, laptopu ikaanza kugawa intaneti kwa waifai. Chumba kizima ndani!

Lakini swali lilinikaa kichwani: nani aliweka hiyo sifuri, na kwa nini?

Turudi 1983. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa mfumo endeshi wa 4.2BSD, ukiwa na TCP/IP ndani ya kerneli yake, yaani kile kiini kinachosimamia mashine yote. Kompyuta iliyounganishwa na mitandao miwili iliweza kupitisha pakiti za wengine kutoka upande mmoja hadi mwingine. Poa, sivyo? Shida ni kwamba mashine nyingine zilipitisha hata pakiti zilizotumwa kwa kila mtu kwa pamoja. Fikiria grupu la WhatsApp ambapo kila mtu anaforwadi kila ujumbe kwa grupu lilelile. Mtandao ulikuwa unakwama.

Oktoba 1989 ikaja RFC 1122, waraka wa kanuni za mashine za intaneti. Ulisema hivi: kompyuta ya kawaida ikiwa na uwezo wa kupitisha pakiti za wengine, lazima iwe na swichi, na swichi hiyo ianze ikiwa imezimwa. Sifuri yangu ilitoka hapo.

Halafu tatizo likageuka. Anwani za IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu, na kufikia 1994 RFC 1631 ilikuwa inaeleza NAT: mashine nyingi nyuma ya anwani moja. Kwa Linux 2.0, Juni 1996, jambo hilo liliitwa "masquerading", kuvaa barakoa. Kompyuta zote za nyumbani zinatoka nje kwa sura moja. Hukubonyeza kitufe, ulijibu ndiyo au hapana kwenye orodha ndefu ya maswali, kisha ukajenga kerneli yako upya. Linux 2.4 ikaleta iptables mwaka 2001. Android, ambayo kiini chake ni Linux, ikaweka kitufe cha hotispoti kwenye toleo la 2.2 mwaka 2010. Ukikibonyeza leo, simu inafanya kazi ileile niliyofanya usiku ule.

Sasa hapa ndipo nina maoni. Sifuri ya 1989 siipingi. Ni adabu: mashine yako isibebe mizigo ya watu bila wewe kukubali. Lakini inabidi mwenye mashine aweze kuiwasha. Marekani, kampuni ya Verizon iliiomba Google iwafichie wateja wake programu za kushiriki intaneti, ilhali data yenyewe walikuwa wameshailipia. Mwaka 2012 ilikubali kulipa dola milioni 1.25 kumaliza uchunguzi wa FCC, mdhibiti wa mawasiliano huko. Swichi ilikuwepo kwenye simu muda wote, ila mtu mwingine alitaka kuamua nani aiguse.

Kwa hivyo ukiona kitu kimezimwa kwa simu yako, uliza: kimezimwa ili nilindwe, au ili nilipe mara ya pili? Na je, naweza kukiwasha mwenyewe? Mimi nisingeweza, watu watatu wangekosa alama.

Tulimaliza saa tisa usiku. Bando likaisha saa tisa na dakika tano. Yangu, bila shaka.