Mnada wa Kushuka

Marehemu baba alikuwa dalali wa samaki Kismayu, Somalia, na mnada nilioujua utotoni ulikuwa wa kupanda. Mashua za visiwa vya Koyama na Chovai zikiingia na nguru, yeye hunadi, bei hupanda, hadi asiyekuwa nacho akajiondoa kimyakimya. Mgonjwa wa visiwani hakunadiwa. Alilazwa mashuani juu ya mkeka, na kaskazi ikiwa usoni nahodha alibisha mchana kutwa kumfikisha mjini.

Vita vya 1991 vilitutupa Kenya. Miaka mingi baadaye nikaishia Arizona, jangwa lisilo hata na hori, nikapewa kadi ya matibabu iliyoandikwa AHCCCS. Wenyewe huitamka “akses”. Kwa kadi hiyo nilitolewa mtoto wa jicho. Jicho lilipopona nikaanza kusoma habari za kadi ile, nikakuta mnada.

Marekani ilianzisha Medicaid, mpango wa kuwatibu maskini, mwaka 1965. Arizona ikakaa nje. Maskini wake walikuwa mzigo wa kaunti, na gharama zikazilemea. Ilipoingia Oktoba 1982, jimbo la mwisho kabisa, ilikuja na mpango wake, ndio huo AHCCCS. Haikutaka kumlipa daktari kwa kila sindano. Ilitangaza zabuni: mashirika ya tiba yaandike kwa siri yatatoza kiasi gani kwa kichwa kimoja, kwa mwezi, katika kaunti fulani. Ukishinda, walio wazima ni faida yako, na wakiugua sana hasara ni yako. Hata uendeshaji wa mpango ulikodishwa kwa kampuni binafsi, hadi jimbo lilipouchukua lenyewe mwaka 1984. Zabuni zenyewe ziliendelea.

Baba angecheka. Dalali gani huyu anayetafuta bei ya chini? Tena nguru humfunua matamvua, ukiona mekundu unajua unanunua nini. Binadamu asiyeugua bado utamfunua wapi? Aliyeandika bei ndogo mno ana njia mbili, afilisike au amcheleweshe mgonjwa. Ndiyo maana mnada huu hautaki dalali tu, wataka na mkaguzi asiyesinzia.

Tena wataka washindani. Mjini wapo. Lakini Koyama, watu wale wachache, nani angeipigania? Na ile siku nzima ya kubisha, angeiandika kwenye safu gani?