Kengele ya Kisauni na Fimbo ya Msimamizi



Wengi wetu tunaoishi bara upande wa Kisauni hupita Kengeleni kila siku bila kutazama kando. Matatu husimama, makanga huita abiria wa Bamburi na Mtwapa, na watu hupanda wakiwa na haraka zao. Lakini mahali pale hapakupewa jina bure. Iko kengele kweli, katika mnara wake, nayo ni ya kijiji cha wakristo kilichoitwa Frere Town. Kwa muda mfupi leo twataka tuwarudishe huko, kwa kuwa tuna jambo la kusema juu ya majaribu, na hatujui mahali pafaapo zaidi pa kulisemea.

Mwaka 1873 Sir Bartle Frere, aliyetumwa na Uingereza, alifika kwa Sultani Barghash wa Unguja, na mwaka huo huo soko la watumwa la Unguja likafungwa kwa mapatano. Lakini majahazi yaliendelea kupita kwa siri, na manowari za Kiingereza zilipoyakamata, swali likawa: watu hawa waliookolewa waende wapi? Kwao ni mbali, wengine walitekwa wakiwa watoto wasiokumbuka hata jina la mto wao. Ndipo chama cha misheni cha CMS kikamtuma Mchungaji William Salter Price, na mwaka 1875 akanunua ardhi ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, bara upande wa kaskazini, akaanzisha kijiji. Watu wakapewa viwanja, mashamba madogo, shule, na nyumba ya sala. Kengele iliwekwa ili walinzi wawaonye wakazi, waonapo wateka watumwa wakikaribia.

Basi fikirini, ndugu zetu, maisha ya kijiji kile. Mtu alalapo anajua kwamba kengele ikilia, adui yuko njiani. Ni rahisi hapo kuamini kwamba uovu wote uko nje, umepanda jahazi, nasi tulio ndani ya ua tuko salama kwa sababu tunaimba na kusali asubuhi na jioni.

Lakini jambo lililokiumiza sana kijiji kile halikutoka baharini. Baada ya Price kuondoka, usimamizi ulishikwa na mlei mmoja, J. R. Streeter. Alikuwa mtu wa bidii, na kazi ilikuwa nyingi. Watu walikuwa mamia, wa makabila mbalimbali, wasio na wazee wao wala desturi moja ya kuwaongoza. Wako walioiba, wako walioacha wake zao, wako waliokataa kazi. Msimamizi akaona kwamba pasipo nidhamu kijiji kitapotea, na nidhamu aliyoijua ni fimbo na kifungo. Watu waliotolewa katika minyororo wakachapwa tena, safari hii katika kijiji cha misheni. Mwaka 1881 habari hizo zilivuja, uchunguzi ukafanywa, fedheha ikafika mpaka London, na Streeter akaondolewa. Price, aliyekuwa amekwisha kurudi kwao, alitumwa tena kuja kutengeneza yaliyoharibika.

Hatusemi haya ili kumsuta marehemu. Twasema kwa sababu hatuamini kwamba alianza siku moja kwa kutaka ukatili. Alianza kwa kutaka utakatifu, ila akautaka katika mgongo wa mtu mwingine. Na jaribu hilo halikuzikwa pamoja naye.

Tuna la kuungama hapa. Miaka kadhaa iliyopita, katika baraza la kanisa letu, ililetwa habari ya kijana mmoja akaaye Changamwe, afanyaye kazi ya vibarua bandarini. Alikuwa ameanza kunywa mnazi. Alionekana mara mbili akitoka mangwe, na mara ya tatu alikuja ibadani akinuka. Tulikaa saa nzima. Tukanukuu maandiko, tukapiga kura, tukamtenga na Meza ya Bwana kwa muda wa mwaka mmoja. Kisha ikaletwa chai na mahamri, tukafunga kwa sala. Hakuna hata mmoja wetu aliyeacha mlo mmoja kwa ajili yake. Hakuna aliyeketi naye. Mwaka ulipokwisha hakurudi, na katibu aliandika katika daftari kwamba amehama.

Kengele haikupigwa siku ile. Ingepigwaje, nasi tulikuwa tukitazama baharini?

Turudi kwenye Maandiko. Katika Mathayo 4 twasoma kwamba Bwana Yesu alifunga siku arobaini jangwani, akaona njaa, na mjaribu akamwambia ageuze mawe yawe mikate. Akakataa. Lakini mbele kidogo, katika Mathayo 14, Yesu huyo huyo alipouona mkutano wenye njaa, hakuwahubiria faida za kufunga. Aliwalisha, wanaume wapatao elfu tano, tena vikabaki vikapu kumi na viwili. Alijinyima mwenyewe, wengine hakuwanyima. Na katika Mathayo 23 aliwalaumu wale wanaofunga mizigo mizito na kuwatwika wengine, huku wao wenyewe hawataki hata kuigusa kwa kidole. Paulo naye, anapowaandikia Wakorintho juu ya kuutesa na kuutumikisha mwili kama mshindani wa mbio, mwili anaousema ni wake.

Sisi Waprotestanti tumekuwa wagumu katika neno hili la kuutiisha mwili. Wako wazee waliotufundisha kwamba kufunga ni habari ya watawa wa Kirumi, au ni habari ya Ramadhani ya jirani zetu Waislamu, na kwamba sisi tumeokolewa kwa neema tu. Neno la neema ni kweli tupu. Luther alipiga vita kufunga kwa kutafuta thawabu, wala si kufunga kwenyewe. Calvin alikusifu kufunga kwa kufaako, hasa wakati wa kumwomba Mungu jambo zito. John Wesley alifunga Jumatano na Ijumaa alipokuwa kijana huko Oxford, na baadaye aliwahimiza wahubiri wake kufunga. Na watoto wake katika imani, Wamethodisti, walifika kwetu mapema, wakaanza kazi Ribe mwaka 1862. Hivyo aliyesema kufunga si desturi yetu hakusoma vizuri habari za nyumbani kwake. Nasi tunaoishi Kisauni na Likoni, tunaoona mwaka hata mwaka jinsi jirani anavyofunga kutwa katika jua hili letu, naye bado afika kazini kwa wakati, hatuna udhuru wa kusema kwamba mwili hauwezi.

Kwa hiyo mwili waweza. Tabu yetu ni kuchagua mwili wa nani.

Kabla hata ya Frere Town kuwako, pwani hii ilimwona mtu aliyechagua. Johannes Rebmann alifika mwaka 1846 kumsaidia Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amemzika mkewe Rosine na kitoto chao bara ng'ambo ya Mombasa, katika upande huu huu wa Kisauni. Rebmann alikaa Rabai miaka ishirini na tisa. Mkewe alifariki mwaka 1866. Waliobatizwa walihesabika kwa vidole. Wakubwa wa Ulaya waliomtembelea walishangaa: mzee, karibu kipofu, amezungukwa na makaratasi ya kamusi, na kanisa lake ni watu wachache mno! Wengine walimwona kama mtu aliyeshindwa.

Nasi tulipoanza kusoma habari zake tulimwona hivyo pia, tukamwonea haya kidogo. Lakini tazameni jaribu lililokuwa mbele yake. Angaliweza kukusanya wafuasi kwa vitambaa na shanga, maana watu waliomba vitu hivyo. Angaliweza kubatiza upesi ili taarifa zipendeze. Badala yake aliketi na mtumwa mmoja jina lake Salimini, aliyetoka pande za ziwa Nyasa, akamwuliza neno baada ya neno la lugha ya kwao, akaliandika, huku macho yake yakififia. Kamusi ile ilichapishwa mwaka 1877, mwaka mmoja baada ya Rebmann kufa huko kwao Ujerumani. Watu hutaja kujinyima wakafikiri juu ya chakula tu. Kuketi miaka yote ile pasipo kulazimisha matunda, huko nako ni kufunga, na kwa mtu mwenye bidii huenda ni kugumu kuliko kufunga chakula.

Wa pili ni mtu wetu zaidi. William Jones alikuwa Myao, aliyetekwa utotoni, akaokolewa baharini, akalelewa na misheni huko India karibu na Nasik, akafundishwa uhunzi. Watu kama yeye waliitwa Waafrika wa Bombay, na yeye na mwenzake Ishmael Semler waliletwa Rabai mwaka 1864. Tarehe 31 Mei 1885 Askofu James Hannington aliwawekea mikono wote wawili kuwa mashemasi. Miezi miwili baadaye Askofu akaondoka Rabai kwenda Uganda kwa njia fupi ya Umasaini, na Jones akaenda naye.

Walipofika Kwa Sundu, mahali tunapopaita leo Mumias, Askofu alimwacha Jones na sehemu kubwa ya wapagazi, akaendelea mwenyewe na watu hamsini hivi. Busoga akakamatwa, akawekwa kizuizini siku nane. Shajara yake ilipatikana baadaye. Mtu yule mwenye nguvu, mtembeaji hodari asiyejua kungoja, aliandika huku akiwa na homa, hajui atatoka lini, akisoma Zaburi siku kwa siku. Siku ya mwisho, tarehe 29 Oktoba 1885, alisoma Zaburi ya 30. Kisha aliuawa pamoja na wengi wa wenzake.

Jones alipopata habari alikuwa na watu wengi waliojaa hofu, chakula kichache, na mizigo ya misheni mikononi mwake. Angaliweza kukimbia usiku ule ule, na nani angemlaumu? Lakini alingoja pale kwa wiki kadhaa, labda habari si kweli, labda yuko aliyejeruhiwa atakayefika. Walikuja wanne tu. Ndipo akawakusanya watu, akawarudisha pwani kwa miguu. Walifika Rabai mwanzoni mwa Februari 1886, mbele yao bendera ya buluu iliyoshonwa kwa herufi nyeupe neno moja, IKABODI, lile la 1 Samweli 4. Wanawake walisimama njiani kutazama nani amerudi na nani hakurudi.

Jones alikaa Rabai kama mchungaji. Na hapo ndipo likaja jaribu ambalo kwetu ni kubwa kuliko la safarini. Watumwa waliotoroka mabwana zao wa pwani walikuwa wakija Rabai, mmoja mmoja, usiku. Misheni ilikuwa imeahidi mbele ya serikali ya Sultani kwamba haitawapokea watoro. Amani ya kanisa ilitaka wafukuzwe. Hata baadhi ya wakubwa wa misheni walitaka hivyo, nao walikuwa na hoja, maana mabwana wa watumwa walikuwa na bunduki na wakati mmoja nusura wavishambulie vituo. Lakini yule Myao aliyepata kuwa mtumwa mwenyewe hakuweza kuwafungia watu mlango. Rabai ikajaa. Mwaka 1888 jambo likafichuka, ikawa tafrani, hata George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki akaamua kuwalipa mabwana fidia. Siku ya Mwaka Mpya, tarehe 1 Januari 1889, watoro wapatao 1,400 wa vituo vya misheni vya pande hizi walipewa hati zao za uhuru.

Mtu kama Jones alikuwa na kila sababu ya kuwa mkali. Aliwahi kuona nidhamu ya Frere Town. Uzito aliubeba mwenyewe: lawama za wakubwa, hofu ya usiku, hesabu ya midomo ya kulishwa.

Mwezi uliopita tulisoma habari hizi katika kikundi chetu cha maombi, na baada ya kusoma mzee mmoja akauliza, kwa sauti ndogo, kama yuko ajuaye yule kijana wa Changamwe alihamia wapi. Ikawa kimya. Ijumaa iliyofuata wawili wetu tulifunga tangu alfajiri, na baada ya kazi tukapanda matatu mbili mpaka Changamwe. Tuliulizauliza. Kumbe hakuhama kamwe. Yuko chumba kile kile, nyuma ya kinyozi. Hatukumkuta, kwani yuko zamu ya usiku bandarini. Mama jirani yake alitukaribisha maji, tukamwambia tumefunga, akacheka, akauliza kama Kwaresima imefika. Tukaacha jina letu.

Tumesikia kwamba zamu yake itabadilika mwisho wa mwezi huu. Ijumaa ijayo tutakwenda tena.