Arusi Isiyofika: Mapenzi, Rangi na Ardhi katika Riwaya Mbili za Nakuru

Northrop Frye alieleza mwaka 1957 kwamba katika ramsa vikwazo vya wapendanao huondolewa mwishoni, na arusi yao huwa ishara ya kuzaliwa kwa jamii mpya. Makala hii inadai kwamba riwaya mbili zinazoisawiri Nakuru, The In-Between World of Vikram Lall ya M. G. Vassanji (2003) na Dance of the Jakaranda ya Peter Kimani (2017), zinaazima vijenzi vya ramsa ili kuhoji ahadi hiyo.

Hatuna budi kuanza na historia. Reli ya Uganda, iliyofika Kisumu mwaka 1901, ilijengwa kwa jasho la vibarua kutoka Bara Hindi. Hata hivyo, ardhi iliyoizunguka Nakuru walitengewa walowezi wa Kizungu, na Agizo la Kifalme la mwaka 1939 likaipa mipaka hiyo nguvu ya sheria. Pale ambapo ardhi imegawanywa kwa misingi ya rangi, posa si suala la nyoyo mbili tu. Ni suala la nani atarithi nini.

Kwa Vassanji, Vikram ni mtoto wa Kihindi anayempenda Annie, msichana wa Kizungu anayeuawa wakati wa vita vya Mau Mau. Dada yake, Deepa, anampenda Njoroge, lakini familia inasimama kati yao na Deepa anaolewa na mtu wa jamii yake. Vikram mwenyewe anakua akiogopa kujifunga kwa mtu au kwa upande wowote. Kwa Kimani, mwimbaji Rajan anabusiwa gizani hotelini na msichana asiyemjua. Huo ni mwanzo wa ramsa kamili. Lakini kumtafuta msichana huyo kunageuka kuwa kuitafuta nasaba, kwani siri za mababu waliojenga reli ndizo zinazofumuka. Hoteli yenyewe ilianza kama jumba lililojengwa na Mzungu kwa ajili ya mwanamke aliyelikataa. Msomaji wa Nakuru hakosi kulikumbuka jumba la Lord Egerton huko Njoro, lililojengwa kati ya 1938 na 1954, na masimulizi ya wenyeji kuhusu mwenyewe, aliyefariki mwaka 1958 bila kuoa.

Je, woga wa kujifunga basi ni zao la ukoloni pekee? La hasha. Vikram anainufaikia hali yake ya kuwa katikati: anakuwa wakala wa rushwa za wakubwa katika Kenya huru. Historia inaueleza woga wake, haiutakasi.

Suala hili halikuisha na uhuru. Januari 2008, Nakuru na Naivasha zilishuhudia majirani wakitengana kwa kabila. Mhakiki anayeuona woga wa wapendanao kuwa udhaifu wa tabia tu atakuwa ameisoma nusu ya hadithi; nusu ya pili imo katika hatimiliki za mashamba.